Gari Lililokwisha Tembea na Mshahara wa Mtumishi



Baada ya mazungumzo ya mshahara wenyewe, hakuna mazungumzo yanayorudiwa mara nyingi zaidi katika ofisi za Dodoma na katika vyumba vya walimu vya Bahi, Kongwa, Chamwino na Mpwapwa kuliko mazungumzo ya gari. Mtumishi mmoja amepata habari kwamba kuna gari dogo linauzwa. Lina miaka 17 tangu litoke kiwandani, na kipimo chake kinaonyesha kilomita 190,000. Mwenye nalo amepata uhamisho na anataka fedha kabla ya mwisho wa mwezi. Rangi yake bado inang'aa, na bei yake ni nusu ya bei ya gari linaloagizwa kutoka ng'ambo. Je, alichukue au aliache?

Swali hilo halistahili kudharauliwa kana kwamba ni la anasa. Wakati Chama cha TANU kilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na wakati mpango mkuu wa mji ulipokamilishwa mwaka 1976, wazo lililotawala lilikuwa la mji ambao mfanyakazi wake angekwenda kazini kwa miguu, kwa baiskeli au kwa basi. Barabara za mabasi zilichorwa ziwe uti wa mgongo wa makazi. Lilikuwa wazo la busara, na lilikwenda sambamba na hali ya nchi na siasa yake. Lakini mji ulikua kwa njia yake. Baada ya Rais John Magufuli kutangaza Julai 2016 kwamba Serikali yote inahamia Dodoma, na baada ya mji kutangazwa kuwa jiji mwaka 2018, wizara zilijengwa Mtumba, nyumba zikaenea Iyumbu, Nkuhungu, Nzuguni na Nala, na mtumishi akajikuta analala upande mmoja wa jiji na kufanya kazi upande mwingine. Mwalimu naye anapangiwa shule iliyo mbali na lami ilhali watoto wake wanasoma mjini. Kwa watu wa namna hii gari ni chombo cha kazi kama lilivyo jembe kwa mkulima, na jembe pia huchaguliwa.

Wazee waliokuwa makazini mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanaikumbuka hali ya wakati ule. Mafuta yalikuwa haba kiasi kwamba magari ya watu binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana, na fedha za kigeni za kuagizia magari zilikuwa ndoto. Peugeot, Volkswagen na Land Rover zilizokuwapo zilitunzwa kama mzee anavyotunzwa na wajukuu. Zilifunguliwa, zikashonwa, zikafungwa tena. Mwaka 1984 Serikali ilipowaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za nje, mlango ulifunguka, na katika miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakaanza kuja kwa wingi. Leo karibu kila gari dogo linalopita barabara za Dodoma limezaliwa upya bandarini. Kwa hiyo gari ambalo mtumishi anaambiwa ni la mkono wa pili aghalabu ni la mkono wa tatu, wa nne au wa tano.

Lakini nyanda hizi za kati zina kumbukumbu kubwa zaidi kuhusu mitambo iliyotumika, nayo ni ya Kongwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga uliokusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, na mahali pa kwanza palipofyekwa ni Kongwa. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha karibuni, na viwanda havikuweza kutoa matrekta mapya kwa haraka iliyotakiwa. Wakuu wa mpango wakanunua yaliyotumika. Mengine yalikuwa matrekta yaliyoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino. Mengine yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta na kampuni ya Vickers-Armstrongs. Sifa kubwa ya mitambo hiyo ilikuwa moja tu, kwamba ilikuwapo. Mingi ilifika Kongwa ikiwa imechoka. Vipuri vilikuwa haba, mafundi walikuwa wachache, na udongo wa Kongwa, ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama saruji na wenye mchanga unaosaga chuma, haukuwahurumia wageni. Kabla ya mwaka ule wa 1947 kwisha, sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala. Januari 1951 mpango wenyewe ulitangazwa kuwa umefutwa, na walipa kodi wa Uingereza walikuwa wamepoteza karibu paundi milioni 36.

Kosa la wakubwa wale halikuwa kununua kitu kilichotumika. Jeshi lolote na shamba lolote hutumia mitambo ya zamani. Kosa lilikuwa kununua bila kujua mtambo ulifanya kazi gani ulikotoka, nani ataufungua ukiharibika, na kipuri chake kitatoka wapi kikihitajika. Mwalimu anayetaka kununua Toyota Vitz au IST yuko mbele ya maswali yale yale, tofauti ni kwamba yeye hana Hazina ya Uingereza nyuma yake.

Kwanza ni maana ya kilomita. Watu wengi husoma kipimo cha gari kama wasomavyo umri wa mtu, na kuhukumu kwa tarakimu hiyo peke yake. Ukweli ni kwamba kilomita hazilingani. Gari lililotembea kilomita 200,000 likienda na kurudi baina ya Dodoma na Morogoro juu ya lami, injini ikiwa imepata joto lake na oili ikibadilishwa kwa wakati, laweza kuwa zima kuliko gari lililotembea kilomita 90,000 katika barabara za vumbi zenye mawimbi, huku likiwashwa na kuzimwa mara 20 kwa siku na kubeba magunia. La kwanza limechoka kwa kutembea. La pili limechoka kwa kupigwa. Mwili uliopigwa huonekana katika bushi, boljointi, shokomzoba na viungo vya bodi, na gharama zake huja kidogo kidogo bila kukoma.

Isitoshe, tarakimu yenyewe si shahidi mwaminifu. Wapo wanaozirudisha kilomita nyuma, na kazi hiyo ni rahisi mno. Huko Japani gari la mtu binafsi kwa kawaida hutembea kilomita 10,000 kwa mwaka au pungufu, kwa hiyo gari la miaka 17 lenye kilomita 60,000 linawezekana, lakini liwe na ushahidi. Hati ya kusafirishia gari kutoka Japani huonyesha kilomita zilizoandikwa wakati wa ukaguzi, na karatasi ya mnada wa huko huonyesha daraja la gari. Herufi R ina maana kwamba gari lilipata kugongwa na kutengenezwa. Kama mwenye gari hana karatasi yoyote, mnunuzi na atazame raba za pedali, ngozi ya usukani na kiti cha dereva. Gari la kilomita 60,000 halina pedali iliyolika hadi chuma.

Kuna imani nyingine inayotawala mitaani, nayo ni ya herufi za namba. Husemwa kwamba gari la namba D ni la zamani na la namba E ni jipya. Herufi hiyo hueleza wakati gari liliposajiliwa hapa Tanzania, basi; haielezi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2005 lililoingia nchini jana litakuwa na namba mpya kuliko gari la mwaka 2012 lililoingia miaka mingi iliyopita. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa katika kadi ya gari, na namba ya chasisi iliyopigwa katika chuma lazima ilingane na iliyo katika kadi. Inashangaza jinsi watu wasomi, wanaokagua hati za wengine kutwa nzima, wanavyosahau kukagua hati hii moja.

Dodoma nayo ina tabia zake ambazo muuzaji kutoka pwani hazifikirii. Mji uko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na katika mwinuko huo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, karibu nyuzi 96. Mtu anayejaza maji matupu katika rejeta badala ya kulanti anaikaribisha injini yake kuchemka mapema, hasa inapopanda kilima cha Saranda kwa njia ya Manyoni, au Nyang'oro kwa njia ya Iringa. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, na chumvi hiyo huacha ukoko ndani ya rejeta kama unavyoonekana ndani ya birika. Vumbi la kiangazi huziba chujio la hewa. Gari likitembezwa na chujio bovu, vumbi huingia na kusaga silinda kama vile mchanga wa Kongwa ulivyosaga majembe. Jua nalo hupasua raba na matairi yaliyokaa muda mrefu bila kutumika. Tairi lina umri wake, na umri huo huandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: tairi lenye 2319 lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019, hata kama kashata zake bado zimesimama.

Kwa hiyo gari likaguliwe asubuhi, likiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuliwasha na kulipasha moto kabla mnunuzi hajafika ana sababu yake. Moshi wa buluu unaoendelea kutoka katika bomba ni dalili kwamba injini inakula oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko ina maana kwamba maji yamekutana nayo, yamkini kwa kuungua gasketi ya silinda hedi, na injini hiyo hata ikipewa bure ni ghali. Giaboksi ya otomatiki inayosita kabla ya kushika gia, au inayoruka, iogopwe kuliko kutu, na ile inayotaka oili ya aina yake maalumu yaweza kuwa imekwisha kuuawa na fundi aliyejaza oili aliyokuwa nayo. Injini iliyooshwa ikang'aa siku ya kuuzwa isimfurahishe mtu. Vumbi lingesema mahali oili inapovuja.

Fundi wa kulikagua achaguliwe na kulipwa na mnunuzi. Fundi aliyeletwa na dalali, hata awe hodari namna gani, anakula mezani kwa dalali. Aulizwe pia swali ambalo wanunuzi wengi hawaulizi: je, vipuri vya gari hili vinapatikana Dodoma, au lazima viagizwe Gerezani, Kariakoo? Gari la Toyota lililo la kawaida, ambalo kila gereji ya Dodoma imekwisha kulifungua mara mia, lina thamani kwa mtumishi kuliko gari la fahari linalongoja kipuri juma zima likiwa juu ya mawe.

Sasa hesabu ya fedha, ambayo ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Ichukuliwe mfano wa mwalimu wa sekondari anayelala Dodoma mjini na kufundisha Bahi. Kwenda na kurudi si pungufu ya kilomita 100 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi ni kilomita 2,200. Gari zima linalotembea kilomita 12 kwa lita litakunywa lita 183 kwa mwezi. Gari lililochoka, linalotembea kilomita 9 kwa lita, litakunywa lita 244. Tofauti ni lita 61 kila mwezi, na huo ndio mkopo wa pili ambao hakuna karatasi iliyotiwa sahihi kwa ajili yake. Bei ya lita hutangazwa na EWURA kila mwezi, na kila mtu aweza kujizidishia mwenyewe.

Mwalimu huyo na awe na mshahara wa shilingi 1,000,000, kwa urahisi wa hesabu. Mchango wa pensheni wa asilimia 5 na wa bima ya afya wa asilimia 3 ni shilingi 80,000. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi, asilimia 15 inakwenda, shilingi 150,000. Chama cha wafanyakazi, asilimia 2, ni shilingi 20,000. Kodi ya mapato ni kiasi cha shilingi 115,000. Zimebaki shilingi 635,000. Kanuni inataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake, na afisa mikopo wa benki au wa SACCOS atahesabu mpaka mstari huo na kumwambia kwa uchangamfu kwamba anakopesheka kwa makato ya shilingi 300,000 kwa mwezi. Mwalimu anafurahi, anatia sahihi, na gari linakuja. Mkononi atabakiwa na shilingi 335,000. Lakini lita 183, hata lita moja ingeuzwa shilingi 2,500 tu, ni shilingi 457,500. Hajanunua unga bado, wala hajalipa kodi ya nyumba, na tayari gari limemaliza mshahara na kudai ziada. Hapo ndipo wakopeshaji wa mitaani, wale ambao wananchi wenyewe wamewaita kausha damu, wanapompata mtu mwenye shahada na mshahara wa uhakika.

Hesabu hiyo yaweza kugeuka. Walimu wanne wa shule moja wakichangia mafuta ya safari hiyo, kila mmoja anatoa shilingi 114,000 na kidogo, na jambo lililokuwa wazimu linaanza kuwa na akili. Ifahamike tu kwamba wenzake kuchangia mafuta ni jambo moja, na kupakia abiria wa kulipa nauli bila leseni ya LATRA ni jambo jingine, ambalo ajali ikitokea laweza kumwacha mwenye gari peke yake mbele ya bima iliyokataa kulipa. Au mwalimu apange chumba Bahi kwa siku za kazi na kurudi mjini Ijumaa kwa basi. Wapo wanaoona jambo hilo kuwa ni kushuka hadhi. Mwenye kuhesabu anaona vingine.

Kwa mtumishi anayekaa Kisasa na kufanya kazi Mtumba hali ni tofauti. Safari yake haizidi kilomita 35 kwa siku, kwenda na kurudi. Kwa mwezi ni karibu lita 65 za mafuta. Gari lake likizimika, limezimika katika jiji lenye mafundi. Ni huyu anayeweza kulimudu gari la kilomita 190,000, mradi injini na giaboksi ni nzima. Yule wa Bahi au wa Kibakwe, anayetembea mbali kila siku na kupita mahali pasipo na gereji, ndiye anayehitaji gari lisilochoka. Kwa bahati mbaya mambo huenda kinyume: mwenye safari fupi mjini ndiye mara nyingi mwenye cheo na gari jipya, na mwalimu wa mbali ndiye anayeuziwa lililochakaa.

Safari ndefu, kwa upande mwingine, si sababu ya kununua gari kama ilivyokuwa zamani. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inabeba abiria baina ya Dodoma na Dar es Salaam, na mtu ambaye hoja yake kubwa ilikuwa safari za likizo na misiba ya pwani aweza kuiondoa hoja hiyo katika hesabu yake.

Baadhi ya watumishi hungojea minada ya magari ya Serikali, wakiamini kwamba Land Cruiser iliyotumiwa na wizara ni bora kuliko gari la mtu binafsi. Bodi ya magari hayo ni imara kweli, na mara nyingi matengenezo yake yana jalada. Lakini Serikali haiuzi gari kwa ukarimu. Inaliuza kwa sababu gharama za kulitengeneza zimezidi faida ya kuwa nalo, na kama TEMESA na karakana zake imeona hivyo, mtumishi mmoja mwenye spana mbili nyumbani ataona nini? Anayeshinda mnada na awe na fedha za injini mkononi, si za mnada tu.

Na hilo ni la kila gari kuukuu. Bei aliyotaja muuzaji ni sehemu tu ya bei. Mtu mwenye shilingi 8,000,000 asitafute gari la shilingi 8,000,000. Atafute la 6,000,000, na zile 2,000,000 azitenge kwa matairi, betri, oili, mikanda, breki na bushi, maana katika miezi sita ya kwanza gari lililotumika humdai mwenye nalo mpya kila kitu ambacho mwenye nalo wa zamani alikiahirisha. Asiyeweza kutenga kiasi hicho bado hajafikia siku ya kununua. Aendelee kuweka akiba katika SACCOS yake na kupanda daladala, na hana sababu ya kuona haya kwa hilo.

Likishakubaliwa, fedha zisitolewe mpaka kadi imeonekana, si picha yake katika simu. Jina lililo katika kadi liwe la mtu anayeuza, au mwenye jina aje mwenyewe na kitambulisho. Kama kadi ina jina la benki, gari bado lina deni. Faini za barabarani zitazamwe kwa namba ya gari na zilipwe na yule aliyezifanya. Mkataba utiwe sahihi mbele ya wakili, na siku hiyo hiyo wote wawili waanze kubadilisha umiliki TRA, kwa sababu muuzaji aliyekwisha kupokea fedha na kuhamia Mtwara ni vigumu kumrudisha Dodoma kwa ajili ya sahihi moja, na mpaka sahihi hiyo ipatikane, mbele ya sheria gari linalolala uani kwa mwalimu ni mali ya mtu mwingine.